Shajara ya mradi: vikundi vya usomaji vya wahadhiri Dodoma, muhula wa kwanza

Wiki mbili kabla ya masomo

Vikundi viwili vimeundwa, kimoja upande wa Ng'ong'ona, kingine mjini. Kila kimoja kina watu 8 wa fani mchanganyiko: fizikia, uuguzi, sheria, uhasibu, mipango, kompyuta, takwimu, fasihi. Idadi hiyo haikuokotwa. Wakizidi 10, watatu au wanne hugeuka wasikilizaji. Wakipungua 6, safari mbili za Dar es Salaam zinatosha kuua kikao. Kuchanganya fani nako kuna sababu: wahadhiri wa idara moja wakiketi pamoja, dakika ishirini haziishi wameshahamia kwenye ratiba, mgawanyo wa kozi na nani bado hajawasilisha alama. Mhasibu na mwalimu wa fasihi hawana cha kuteta isipokuwa ufundishaji wenyewe.

Siku ni Jumatano, saa 9:00 hadi saa 10:15 alasiri, kila baada ya wiki mbili. Ijumaa ilikataliwa kwa ajili ya sala, na pia kwa kuwa alasiri yake wengi wako njiani. Jumatatu ni siku ya mikutano ya idara.

Barua ya mwaliko imeandikwa mara tatu. Ya kwanza ilisema "warsha", na neno hilo hapa kwetu linabeba posho, begi na cheti. Majibu yote yaliyorudi yaliuliza kiasi. Ya pili ilisema "mafunzo", ikawaudhi waandamizi, maana anayeitwa mafunzoni ameshahesabiwa kuwa hajui. Ya tatu ilikuwa na mistari mitatu tu: ni kikundi cha kusoma, posho hakuna, chai ipo, makala moja, dakika 75, na jambo moja la kwenda kujaribu darasani. Waliokuja kwa barua hiyo walijua wanachokuja kufanya.

Wiki ya 1

Orodha ya makala imefumuliwa. Ile ya awali ilijaa nadharia, makala za kurasa 30 ambazo hata mwenye kuzichagua alikuwa amezisoma muhtasari tu. Vigezo vipya: kurasa zisizidi 12 (makala ikiwa ndefu, zichaguliwe kurasa na kuwekewa alama); kuwe na jedwali, mchoro au matokeo ya kubishania; na ndani yake kuwe na kitu kinachoweza kujaribiwa katika ukumbi wa wanafunzi 300 bila bajeti. Kigezo cha tatu kimeondoa nusu ya orodha.

Upatikanaji: Tanzania imo katika nchi zinazohudumiwa na Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu, na majarida mengi ya Afrika yako AJOL (African Journals Online). Tatizo si ruhusa, tatizo ni mahali. Mtu akiwa kwake Nkuhungu saa tatu usiku, nje ya mtandao wa chuo, mlango haufunguki. Kwa hiyo mkutubi mmoja kwa kila kikundi anapakua mapema, anapunguza ukubwa wa faili (moja lilitoka megabaiti 14 hadi 2), ndipo linatumwa WhatsApp.

Hata hivyo nakala za karatasi zinatolewa pia. Kwenye simu watu husoma muhtasari na hitimisho, basi. Kurasa 12 kwa watu 8 ni kurasa 96. Kwa shilingi 100 kwa ukurasa ni 9,600 kwa kikao kimoja cha kikundi kimoja. Ndiyo gharama kubwa kuliko zote za mradi ukiacha chai.

Wiki ya 2. Kikao cha kwanza

Makala: Marton na Säljö, 1976, kutoka Gothenburg, Uswidi. Wanafunzi walipewa maandishi wasome, kisha wakaulizwa walichoelewa na namna walivyosoma. Wapo waliowinda vipande ambavyo huenda vingeulizwa. Wapo waliotafuta mwandishi anasema nini hasa. Sehemu ya pili ya utafiti huo, mwaka huohuo, inaonyesha kwamba maswali ambayo msomaji anayatarajia yanabadili namna anavyosoma. Hapo ndipo palipowasha mjadala. Lawama dhidi ya "kizazi cha madesa" (notisi na majibu ya kurithishana) zilidumu dakika kumi, mpaka mtu wa sheria akauliza: desa la mwaka juzi lingekuwa na faida gani kama maswali yetu hayajirudii?

Mpangilio wa dakika 75 uliotumika: 10 za kusoma upya kimyakimya, 15 za "makala inasema nini", 20 za "wapi haitushiki", 20 za kupanga jaribio, 10 za kuandika kadi ya jaribio hilo. Dakika 10 za mwanzo zilipingwa kuwa za kitoto. Zinabaki. Katika kila kikundi kuna watatu ambao hawajasoma, na bila dakika hizo hao ndio watakaozungumza zaidi, kwa kuwa hawafungwi na kilichoandikwa.

Kilichoharibika ni mpangilio wa kusema. Profesa akishasema, mhadhiri msaidizi hukohoa kidogo na kusema "naunga mkono hoja". Kikao kizima cha mjini kilipita hivyo. Marekebisho kuanzia kikao kijacho: kila mmoja anaandika sentensi moja kwa dakika mbili kabla ya yeyote kufungua mdomo, kisha anaanza kusema aliyeanza kufundisha karibuni zaidi, na kupanda. Sharti lisitajwe kwa cheo. Likitajwa kwa miaka ya kazi, mkubwa anabaki na neno la mwisho, ambalo kwa desturi zetu ni heshima, si adhabu.

Meza ndefu nayo iondoke. Kwenye meza ya vikao vya idara kiti cha kichwani kina mwenyewe hata akiwa hayupo.

Wiki ya 3

Kadi za kwanza zimekusanywa: 5 kati ya 16. Tatu zimeandikwa "ilikwenda vizuri sana". Hazifai kitu.

Kadi mpya ni nusu ya karatasi ya A4, yenye maswali matano: kozi na idadi ya wanafunzi waliokuwepo (si waliosajiliwa); ulifanya nini, kwa dakika ngapi; namba moja uliyohesabu, au sentensi moja ya mwanafunzi kama alivyoisema; nini kilikwama; utarudia, utabadili au utaacha. Isiyo na namba wala sentensi hurudishwa kwa mwenyewe, kwa upole.

Wiki ya 4

Roediger na Karpicke, 2006. Hii ndiyo makala iliyofanya kazi kuliko zote, na sababu yake ni jedwali moja. Wanafunzi walisoma kifungu. Wengine wakakisoma tena, wengine wakajipima kwa kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 81, waliojipima 75. Baada ya wiki, waliorudia kusoma wameshuka hadi 42, waliojipima wako 56. Mtu wa takwimu alitaka kujua ukubwa wa sampuli na kama kifungu kifupi cha kuandikiwa kinafanana na mada ya wiki tatu. Swali zuri, lilichukua dakika 20 zote za "wapi haitushiki", na ndivyo inavyotakiwa.

Jaribio: maswali matatu mwanzoni mwa mhadhara, madaftari yamefungwa, kuhusu mhadhara wa wiki iliyopita (si wa jana). Dakika 6: tatu za kuandika, tatu za kujisahihisha.

Yaliyotokea, kwa mujibu wa kadi 11:

Waliotoa alama walijuta. Mara maswali yalipohesabika kwenye zile alama 40 za tathmini endelevu, shingo zilirefuka, na mhadhiri akaondoka na karatasi 300 za kusahihisha. Zoezi hili halina alama. Mwanafunzi anaandika kwenye daftari lake, anajisahihisha, daftari linabaki kwake. Mhadhiri anauliza tu: nani amepata yote matatu, nani mawili, anahesabu mikono, anaandika namba.

Maswali ya kutaja yalikuwa rahisi kutunga na hayakusaidia. "Taja vyanzo vinne vya sheria" lilirudisha walewale waliokariri. "Mteja wako amevunjiwa ukuta na jirani, unaanzia chanzo kipi, kwa nini?" lilionyesha kwamba ukumbi mzima ulikuwa umeandika vizuri bila kuelewa.

Wachelewaji: mhadhara wa saa 1:00 asubuhi haufai kuanza na zoezi, kwa kuwa daladala za kutoka mjini zinashusha watu hadi saa 1:15. Lipelekwe dakika ya 20, pale usikivu unapoanza kuchoka.

Wiki ya 6

Biggs, 1996, kuhusu kuoanisha matokeo ya kozi, shughuli za darasani na upimaji. Makala ni nzito, kurasa 9 zilichaguliwa. Kazi ya kikao haikuwa kuijadili bali kuitumia: kila mmoja alileta mwongozo wa kozi yake na karatasi moja ya mtihani uliopita, akapigia mstari vitenzi. Mwongozo unasema "kuchambua", "kutathmini", "kubuni". Mtihani unasema taja, orodhesha, eleza kwa kifupi. Katika karatasi moja yenye maswali sita, manne yalianza na "orodhesha". Hakuna aliyehitaji kuambiwa kitu.

Hesabu ya pili ilikuwa ya saa. Kwa mfumo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kila kitu kikihesabiwa: mhadhara, semina, kusoma mwenyewe, kazi za nyumbani, mtihani. Kozi ya krediti 10 ni saa 100. Mhadhara wa saa 2 kwa wiki 15 ni saa 30. Saa 70 zilizobaki zinafanya nini? Miongozo mingi ilikuwa na namba pale, hakuna shughuli. Mhadhiri wa mipango alizijaza kwa penseli, akakuta kazi zake tatu za kundi zinakula saa 90 peke yake, ameondoa moja.

Onyo kwa watakaorudia: kikao hiki kinauma. Kisiwe cha kwanza. Kikundi ambacho hakijazoeana kitaficha karatasi zake za mitihani.

Wiki ya 8

Mafundisho ya rika kwa rika, njia aliyoianza Eric Mazur akifundisha fizikia Harvard mwaka 1991. Swali la dhana lenye machaguo linaonyeshwa, kila mwanafunzi anachagua peke yake, kura, kisha anamgeukia jirani, wanashawishiana, kura ya pili, mhadhiri anafafanua. Kama waliopatia mara ya kwanza ni chini ya asilimia 30, wasijadiliane, watapotoshana, fundisha upya. Wakizidi 70, songa mbele. Mjadala una maana katikati ya hapo.

Vifaa vya kupigia kura havipo, na havihitajiki. Kadi za rangi zilipigiwa hesabu: wanafunzi 350 mara kadi 4 ni 1,400; manila moja inatoa kadi 16; zinatakiwa manila 88, na baada ya wiki tatu nusu ya kadi zimepotea. Vidole vinatosha: kimoja hadi vinne, vimewekwa kifuani, ili jirani wa nyuma asione. Wote wanaonyesha kwa pamoja baada ya "moja, mbili, tatu". Wakionyesha kwa mfululizo wanafuata wa mbele. Kuhesabu 350 haiwezekani, kwa hiyo hesabu safu ya 3, ya 8 na ya mwisho. Ukihesabu za mbele tu utadhani umefundisha vizuri. Madawati yaliyofungwa chini yanalazimisha mjadala wa wawili wawili. Watatu wakikaa kwenye safu moja, wa katikati ndiye mwenye mjadala.

Jambo lililojitokeza zaidi ni lugha, na makala haikulitarajia. Mhadhara ni wa Kiingereza. Ukisema "mshawishi jirani yako", ukumbi unageuka Kiswahili papo hapo, kwa kelele na kwa raha. Wahadhiri wawili walikatiza mjadala na kudai Kiingereza. Kelele zikafa, na mjadala nao. Wa fizikia hakukatiza. Alipita kati ya safu akisikiliza, akarudi na orodha ambayo sasa iko kwenye ukurasa wa kwanza wa kabrasha la kikundi.

"Nguvu": wanafunzi walilitumia neno hili moja kwa kani, kwa nishati na kwa kasi ya kufanya kazi, katika sentensi mbili zinazofuatana. "Uzito": kwa tungamo na kwa mvuto wa dunia juu ya kitu, kwa hiyo hawakuona kwa nini jiwe mwezini lipungue kimoja, kingine kibaki. "Joto": kwa joto na kwa jotoridi. Kwa Kiingereza walikuwa wameandika fasili zote sawasawa. Kosa lilikuwa limejificha nyuma ya lugha ya kukariri, likatoka pale tu walipoanza kubishana kwa lugha ya kufikiria. Mhasibu naye aligundua lake: "faida" ikitumiwa kwa faida, kwa riba na kwa manufaa ya jumla.

Makubaliano ya vikundi vyote viwili: mjadala wa wawili ufanyike kwa lugha yoyote, majibu mbele ya ukumbi yatolewe kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya mtihani, na mhadhiri aandike ubaoni istilahi mbili mbili, ya Kiingereza na ya Kiswahili sanifu, kwa kila dhana inayogongana. Dakika 2 zaidi kwa kila swali. Kwa mhadhara wa dakika 110, maswali mawili yanatosha. Matatu yanabana mada.

Wiki ya 9

Mkuu wa idara moja ameomba orodha ya mahudhurio yenye majina na kadi zote, ili ziingie kwenye ripoti ya robo mwaka. Amepewa idadi ya vikao, idadi ya wahudhuriaji na orodha ya makala. Kadi hapana. Mhadhiri akijua kadi yake itasomwa ofisini, ataandika "ilikwenda vizuri sana", na tumerudi wiki ya 3.

Limeulizwa pia kama matokeo ya kadi yanaweza kuwa makala ya jarida. Yanaweza, lakini hapo inakuwa utafiti juu ya wanafunzi: kibali cha maadili kinaombwa kabla ya kukusanya, si baada. Kadi za muhula huu zilikusanywa kwa ajili ya kurekebisha darasa. Zibaki hivyo.

Wiki ya 10

Deslauriers na wenzake, 2019. Wanafunzi wa fizikia Harvard waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine mhadhara mzuri wa kusikiliza, wengine kazi za kushiriki, mada ileile. Walioshiriki walifanya vizuri zaidi kwenye jaribio, lakini wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko wale waliosikiliza.

Makala hii ilichaguliwa kwa sababu ya hofu moja ambayo haikuwa ikisemwa kwa sauti: fomu za wanafunzi za kutathmini wahadhiri mwisho wa muhula. Mhadhiri msaidizi anayesubiri kupandishwa hawezi kufanya jambo linalowafanya wanafunzi wahisi hawafundishwi. Kadi mbili zilikuwa tayari na sentensi za namna hiyo. "Sir anatuuliza badala ya kutufundisha." "Tunafundishana wenyewe, yeye analipwa."

Kinga zilizokubaliwa: mhadhiri aeleze sababu kabla ya zoezi la kwanza, kwa dakika 3, akionyesha lile jedwali la 42 na 56 (wanafunzi wanaelewa namba hizo haraka kuliko sisi). CR (mwakilishi wa darasa) aelezwe mapema, kwa kuwa manung'uniko hupitia kwake. Na wiki ya 5 ya muhula, karatasi ndogo isiyo na jina: nini kinakusaidia, nini kinakukwamisha, jibu litolewe darasani wiki inayofuata, hata kwa jambo moja. Muhula huu wengi wamechelewa; wamefanya wiki ya 11.

Wiki ya 12

Kikao hakikufanyika. Mjini umeme ulikatika na mvua ilikuwa juu ya bati, hakusikiki kitu. Ng'ong'ona walikuja watatu. Lakini mvua isisingiziwe. Wiki ya 12 ni ya majaribio na kusahihisha, na ratiba ilijulikana tangu mwanzo. Muhula ujao vikao ni vitano, wiki za 2, 4, 6, 8 na 10.

Wiki ya 14

Kikao cha kadi, bila makala. Zabibu zimeingia sokoni, zimechukua nafasi ya mandazi, nakala zimechafuka.

Kadi 41 zilimwagwa mezani na kupangwa kwa jibu la swali la tano. Kurudia 22, kubadili 13, kuacha 6. Sita za kuacha ndizo zilizosomwa kwa sauti, kila moja. Nne kati yake zina chanzo kimoja: jaribio lilibuniwa la dakika 10 likachukua 25, mada ikabaki kiporo, mhadhiri akafidia kwa kukimbia wiki iliyofuata. Makosa hayo ni ya vikao vyetu: dakika 20 za kupanga jaribio zilikuwa zinaliwa na mjadala. Sasa mtunza muda habadilishwi kila kikao kama mwongozaji. Anabaki yuleyule muhula mzima, na ikifika dakika ya 45 anafunga makala, hata kama ni Profesa anayezungumza. Ng'ong'ona wamempa kazi hiyo mtu wa uuguzi, ambaye kwa kazi yake haogopi kumkatiza daktari.

Mtu wa takwimu aliomba tuangalie Freeman na wenzake, 2014, kabla ya kuachana. Tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati: waliofeli katika mihadhara ya kawaida ni asilimia 33.8, katika madarasa ya kushiriki 21.8. Faida ilionekana katika madarasa ya ukubwa wote, ila kubwa zaidi ni katika yale ya watu 50 au chini. Mwalimu wa fasihi alikumbusha kwamba yeye hayumo kwenye hizo 225. Kwa ajili yake na wa sheria, makala mbili za muhula ujao zitatoka nje ya sayansi, na angalau moja iwe ya darasa la Afrika Mashariki, yenye wanafunzi wanaofikiri kwa lugha moja na kujibu kwa nyingine.

Baada ya mitihani

Ufunguo wa chumba cha semina umerudishwa. Kabrasha la istilahi zinazogongana lina kurasa 4: fizikia, uhasibu, sheria na uuguzi, kompyuta waliahidi, hawajaleta. Watu wawili wamehamishiwa masomoni, nafasi zao zijazwe kabla ya wiki ya 1, ikiwezekana na mtu wa kilimo au hisabati. Makala ya kwanza ya muhula ujao itakuwa ile ya Roediger na Karpicke, 2006. Biggs anabaki wiki ya 6, na kila mmoja aje na karatasi ya mtihani wa muhula huu, si wa zamani.